Kukoroma si kulala vizuri: mwongozo kwa mtu ambaye pumzi yake inakatika usiku (na kwa bibi yake)

Bibi yangu, mama watoto, aliniambia kwa miaka kama mitatu hivi, "Baba, weye unakufaka usiku alafu unarudia." Mimi nacheka tu. Namjibu kwamba mwanaume akikoroma maana yake amechoka na ameshiba bukari (ugali), mwache alale. Mimi ni shofere wa kamio, nabeba mzigo huku Kongo, Kolwezi, Likasi, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa mpakani, na siku moja natoka Likasi, mchana kweupe, sijakunywa hata chupa moja, nikashtuka magurudumu ya kulia yako kwenye udongo na konvwayeri (utingo) wangu anapiga makelele. Sikumbuki kusinzia. Ukiniapisha kortini ningeapa kwamba nilikuwa macho.

Hapo njo nilianza kumsikiliza mama watoto. Na hilo njo jambo kubwa nalotaka uelewe kabla hatujaingia kwenye hatua: huu ugonjwa mwenyewe hajui anao, anayejua ni yule anayelala pembeni yake. Kwa hiyo kama umeoa au umeolewa, someni hii pamoja, kama unalala peke yako nitakuambia cha kufanya.

Kinachotokea kooni

Ukilala, misuli yote inalegea, hata ya koo. Kwa watu wengi njia ya hewa inabaki wazi, kwa wengine ulimi unarudi nyuma, kimeo na zile nyama laini za juu ya mdomo zinashuka, njia inabanwa. Ikibanwa nusu, hewa inapita kwa nguvu na kuzitikisa zile nyama, hapo unakoroma. Ikifungwa yote hakuna sauti tena. Kifua kinavuta, tumbo linapanda na kushuka, hewa haiingii, kama mtoto anayevuta soda kwa mrija uliokunjika. Oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashtuka, unaamka sekunde mbili tatu bila wewe kujua, unavuta hewa kwa mshindo, unalala tena, koo linafunga tena. Usiku kucha.

Madokta wanahesabu kila mara pumzi inaposimama sekunde 10 au zaidi, na zile mara inapopungua sana bila kusimama kabisa, wanagawa kwa saa za kulala. Kwa mtu mzima chini ya 5 kwa saa ni kawaida, 5 mpaka 14 ni ndogo, 15 mpaka 29 ya katikati, 30 na kuendelea ni kali. Mimi nilipopimwa nilikuta 41, yaani karibu kila dakika moja na nusu najinyonga mwenyewe. Kwenye karatasi zetu za Kifaransa dokta ataandika SAOS, usiogope hayo maherufi, ni hiyo hiyo apnea ya usingizi ya koo kuziba.

Hatua ya 1: pata shahidi

Mwambie bibi, au bwana, au ndugu mnayelala chumba kimoja, akuangalie usiku mmoja au miwili, hasa kuanzia usiku wa manane kuelekea asubuhi, na hasa ukiwa umelala chali, maana hapo njo inakuwa mbaya zaidi. Asikuamshe haraka. Asikilize: kukoroma kunapanda, kunapanda, alafu kimya. Wakati wa kimya aangalie kifua na tumbo. Kama vinahangaika na hewa haitoki puani, na baadaye unakurupuka kwa mshindo kama mtu aliyetoka majini, hiyo ni dalili nzito. Ahesabu zile sekunde polepole au atumie saa ya simu. Bibi yangu alihesabu 34 mara moja akaanza kusali.

Unalala peke yako? Weka simu kwenye stuli karibu na kichwa, washa programu ya kurekodi sauti, ichaji kwanza ndiyo isizime. Asubuhi huna haja ya kusikiliza saa saba zote, ruka ruka, utafute vile vimya virefu vinavyofuatwa na mshindo. Hiyo rekodi itunze, utampelekea dokta. Dokta wa kwanza niliyemwambia kwa mdomo tu hakunifuatilia, wa pili nilimsikilizisha simu, akaacha kuandika akaniangalia.

Na kuna watu wanakoroma kama jenereta na hawana ugonjwa, wapo pia wagonjwa wanaokoroma kidogo sana. Kukoroma peke yake si hukumu.

Hatua ya 2: jiulize maswali ya mchana

Usiku una dalili zake: kuamka na mdomo mkavu kama umekula majivu, kwenda kukojoa mara mbili tatu na haujanywa maji mengi, jasho, kukurupuka umekabwa. Lakini mchana njo kunaharibika zaidi. Unaamka na kichwa kinauma alafu kinaachia saa moja baadaye. Unasinzia kwenye misa, kwenye kikao cha familia, kwenye taksi-basi. Unasahau vitu. Unakuwa na hasira ya bure, watoto wanakukimbia. Na tuseme ukweli kati ya wanaume, nguvu za kitandani zinapungua, wengi wanakimbilia kununua mizizi kwa wauzaji wa barabarani kumbe shida iko kooni.

Kuna mtihani mdogo unaoitwa Epworth, ulitungwa na dokta Murray Johns kule Melbourne, Australia, ukachapishwa 1991. Unajipa alama kutoka 0 (siwezi kusinzia) mpaka 3 (lazima nisinzie) kwa hali 8: ukiwa umekaa unasoma, ukiangalia televizyo, ukikaa tu mahali pa watu wengi kama kanisani, ukiwa abiria kwenye gari saa nzima, ukijilaza mchana, ukiongea na mtu, ukikaa kimya baada ya kula bila pombe, na ukiwa kwenye gari lililosimama dakika chache barabarani. Jumla kubwa kabisa ni 24. Ukipita 10 usingizi wako wa mchana si wa kawaida. Mimi nilipata 17, na hapo nilikuwa najionea huruma, bibi alisema ningeandika 20.

Hatua ya 3: tepu ya fundi na mzani

Hii kila mtu anaweza kufanya nyumbani au hapo sokoni. Madokta wa usingizi wanatumia maswali 8, jibu ndiyo au hapana: unakoroma kwa nguvu? unachoka au kusinzia mchana? kuna mtu ameona pumzi inasimama? una tansio (presha ya damu iliyo juu), hata kama unakunywa dawa? uzito wako ukigawanywa kwa urefu mara urefu unapita 35? umri unapita 50? shingo inapita santimeta 40? wewe ni mwanaume?

Kwa shingo, azima tepu ya fundi wa cherehani, pima pale kifundo cha mbele ya koo kilipo, usibane. Kwa uzito, chukua kilo zako gawanya kwa urefu mara urefu. Mimi nilikuwa kilo 108 na mita 1.74, sasa 1.74 mara 1.74 ni 3.03 hivi, 108 gawanya kwa hiyo inatoa karibu 35.7. Shingo 44. Umri 47, basi hilo moja tu njo nilisema hapana. Ndiyo 7.

Ndiyo 0 mpaka 2, hatari ni ndogo. 3 au 4 ni ya katikati. 5 kwenda juu, usikae nyumbani na karatasi, nenda hospitali.

Usidanganyike kwamba ni ugonjwa wa wanene tu. Mtu mwembamba mwenye taya dogo au lililorudi nyuma, au pua iliyoziba miaka yote, au mafindofindo makubwa, anaweza kuwa nayo vizuri tu.

Hatua ya 4: usichanganye na vitu vingine

Hapa kwetu kuna mambo manne yanafanana nayo, na nimeona watu wakipotea.

La kwanza mbabula, lile jiko la makaa. Mwezi wa sita na wa saba usiku hapa unashuka chini ya digrii 10, watu wanaingiza mbabula ya makala chumbani na kufunga madirisha. Asubuhi kichwa kinauma. Kama kichwa kinauma nyumba nzima, hata watoto, hata mgeni, na kinaachia mkitoka nje, hiyo si apnea, hiyo ni hewa ya sumu ya makala, na inaua. Mbabula itoke nje leo, usisubiri kumaliza kusoma.

La pili palu, yaani malaria. Kila uchovu kwetu ni palu. Mimi dispensere moja ya mtaani ilinitibu palu mara nne ndani ya mwaka, mara mbili bila hata kuchoma kidole kupima damu. Palu ina homa, ina baridi, inakuja na inaenda. Uchovu wa apnea hauna homa na hauendi popote, unaamka nao kila siku kama mpangaji asiyelipa.

La tatu malale. Kongo yetu njo inayo wagonjwa wa malale wengi kuliko nchi yoyote, kwa hiyo si ujinga kuiwazia, hasa kama umekaa vijijini karibu na mito na misitu yenye ndorobo. Malale inaleta homa za kurudi rudi, tezi za nyuma ya shingo zinavimba, baadaye mtu analala mchana na usiku hana usingizi, tabia inabadilika. Hospitali wanaipima, na dawa ipo.

La nne jinamizi. Mtu anaamka akili iko macho, mwili umekufa ganzi, anaona kama kuna mtu amemkalia kifuani. Huyo anakumbuka kila kitu asubuhi na atakusimulia mpaka uchoke. Mwenye apnea mara nyingi hakumbuki. Na hakuna mchawi hapo kwa wote wawili, samahani kwa wale niliowakwaza.

Hatua ya 5: dokta na kipimo

Anza kwa dokta wa kawaida, apime tansio, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo (tezi ikifanya kazi polepole inaleta uchovu na unene, na inaongeza hii shida), na moyo kwa zile nyaya za kifuani. Apnea ikiachwa inapandisha tansio, na tansio hiyo inagoma dawa, unakunywa vidonge vya aina tatu na bado iko juu. Inaharibu mapigo ya moyo, inaongeza hatari ya kupooza upande mmoja, inasumbua sukari. Kwa hiyo kama una tansio isiyoshuka na unakoroma, sema hayo mawili pamoja, usiseme moja tu.

Alafu omba akutume kwa ORL, yule dokta wa masikio, pua na koo. Ataangalia pua, mafindofindo, ulimi, taya. Uliza waziwazi kwenye hospitali kubwa na kliniki za hapa Lubumbashi nani ana kipimo cha usingizi, usisubiri wakuambie. Kipimo kamili unalala hospitalini na nyaya kichwani, kifuani na miguuni. Kile kidogo unapewa unarudi nacho nyumbani: kamrija puani, mkanda kifuani, na kimashine cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Mimi nilifanya hicho kidogo, na kwa mtu mwenye dalili zilizo wazi kama zangu kinatosha. Wenye uwezo wanafuata kipimo kikubwa Afrika Kusini, sawa, lakini usikae miaka miwili unachanga pesa za safari wakati hujauliza mtaa wa pili.

Kile kimashine cha kidole cha kununua sokoni, ukijipima mchana kitaonyesha 96 au 97 na utafikiri uko salama. Mchana hauna maana, koo liko wazi. Kinachosaidia ni kile kinachorekodi usiku mzima kinaonyesha oksijeni inashuka na kupanda kama meno ya msumeno. Mikono baridi na rangi ya kucha vinakidanganya, na kwa ngozi nyeusi mara nyingine kinasoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo namba nzuri isikufanye utupe dalili.

Hatua ya 6: cha kufanya kuanzia leo usiku

Kabla ya mashine, kabla ya pesa, kuna vitu.

Lala ubavu. Kwa wengine nusu ya shida inaisha hapo. Mama watoto alishona mfuko mgongoni mwa tisheti yangu ya zamani akatia mpira mdogo wa tenisi, kila nikigeuka chali unanichoma nageuka tena. Inachekesha lakini inafanya kazi. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali chini ya miguu ya mbele, maana mito mitatu inakunja shingo na kuziba zaidi.

Pombe. Bia ya jioni, lutuku (pombe kali ya kienyeji) ndiyo usiseme, inalegeza misuli ya koo na inachelewesha ubongo kukuamsha. Kama huwezi kuacha, basi isiwe masaa manne ya mwisho kabla ya kulala. Sigara nayo inavimbisha koo.

Vidonge vya usingizi. Hapa kwetu valiyumu inauzwa kama peremende, tramadoli ya maumivu vilevile. Mtu halali vizuri, anameza valiyumu, koo linalegea zaidi, asubuhi amechoka zaidi, kesho anameza mbili. Ni kumwaga petroli juu ya moto. Ila kama umeitumia miezi mingi usiikate ghafla, mwambie dokta akupunguzie taratibu.

Pua. Kama imeziba na vumbi la kiangazi, suuza kwa maji yaliyochemka yakapoa, glasi moja kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, kabla ya kulala. Ikiziba miezi yote, rudi kwa ORL.

Uzito. Hapa njo pagumu, na sitakudanganya. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha mtu akipunguza asilimia 10 ya uzito, zile pumzi zinazokatika zinapungua kama asilimia 26. Kwangu ilikuwa kilo 11 karibu. Bukari nilikata nusu, nikaongeza lengalenga na sombe isiyoogelea kwenye mafuta, soda za barabarani nikaacha, na pale foleni ya Kasumbalesa ambapo tunakaa hata siku mbili badala ya kulala kwenye kabini nikaanza kutembea mpaka mwisho wa foleni na kurudi. Nimetoa kilo 9 kwa mwaka, si haba. Sasa kuna sindano ya tirzepatide, Marekani waliikubali mwezi wa 12 mwaka 2024 kwa watu wazima wanene wenye apnea ya katikati au kali. Ni ghali, inataka dokta, na hizo za bei poa kwenye WhatsApp usiguse.

Mambo ya kutofanya: kufunga mdomo kwa plasta kama wale vijana wa TikTok, kama pua nayo imeziba utajinyonga. Pete za sumaku, upuuzi. Kukatwa kimeo na mtaalamu wa kienyeji, hapana kabisa, watu wanavuja damu, wanapata pepopunda, na koo linaendelea kuziba vilevile. Na kuwekewa oksijeni tu usiku bila kufungua koo si tiba yake, inaweza hata kurefusha zile pumzi kusimama.

Kuna pia mazoezi ya ulimi na koo, kubana ulimi kwenye paa la mdomo, kuvuta mashavu, kila siku kwa miezi, yanapunguza kwa baadhi ya watu. Waswisi 2006 walifundisha watu kupuliza didgeridoo, ile baragumu ndefu ya Australia, miezi minne, na wakapungua kusinzia mchana. Majirani zangu Katuba wangenifukuza.

Hatua ya 7: mashine

Kwa apnea ya katikati na kali, dawa yenyewe ni CPAP, madokta wetu wanaandika PPC. Ni kisanduku kidogo kinachopuliza hewa kupitia mpira mpaka kwenye barakoa ya pua, na ule upepo unashikilia koo wazi kama hewa inavyoshikilia pneu ya gari. Si oksijeni, ni hewa ya chumba tu. Iligunduliwa Sydney na dokta Colin Sullivan, mgonjwa wa kwanza alilala nayo 1980, ikachapishwa 1981, na zile za mwanzo zilitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Nguvu yake inapimwa kwa santimeta za maji, kati ya 4 na 20, na dokta njo anachagua, au mashine ya kujirekebisha yenyewe inatafuta. Yangu iko kwenye 11.

Apnea ndogo au ya katikati, daktari wa meno mwenye ujuzi anaweza kukutengenezea kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Operesheni nayo ipo kwa baadhi ya watu, ORL atasema.

Kuizoea. Usiku wa kwanza niliivua baada ya dakika 20. Mtoto wangu mdogo alisema baba amekuwa tembo. Kilichonisaidia: nilivaa mchana nikiangalia mechi ya Mazembe, kipindi cha kwanza barakoa tu bila ule mpira wa hewa, cha pili na upepo. Siku nne hivyo, alafu usiku. Mikanda usiibane mpaka inaacha alama, ikivuja kwenye macho legeza alafu ivae upya ukiwa umelala. Ukiamka mdomo mkavu, maana yake unafungua mdomo, uliza barakoa inayofunika pua na mdomo. Tumbo likijaa hewa, mwambie dokta aangalie nguvu. Lengo ni usiku wote kila usiku, chini ya saa nne faida inapungua sana.

Umeme. Hapa njo watu wengi wanakata tamaa, delestaji (umeme kukatwa) kila siku, sasa mashine ya nini? Hesabu. Ukizima kile kitanki cha kupasha maji na mpira wa joto, mashine nyingi zinakula chini ya wati 30. Saa 8 mara 30 ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 50 ina 600, na usiishushe chini ya nusu ndiyo isife mapema, kwa hiyo una 300, unavuka usiku. Tumia waya wake wa volti 12, usipitie konverta ya kupandisha mpaka 220, inakula bure. Ya sola ni bora kuliko ya gari. Sisi wa makamio tukumbuke gari letu ni volti 24, nunua adapta yake, ukichomeka ya 12 umeichoma. Nyumbani weka stabilizeta, umeme ukirudi kwa kishindo unaua mashine.

Za mitumba. Mpya ni dola mia kadhaa, kwa hiyo watu wanaagiza zilizotumika Ulaya. Si mbaya, lakini mwezi wa 6 mwaka 2021 Philips waliita mashine zao nyingi zirudi, DreamStation za kwanza zikiwemo, juu sponji ya ndani ilikuwa inamomonyoka na kuingia kwenye hewa. Angalia namba kabla ya kulipa. Angalia masaa iliyofanya kazi. Barakoa nunua mpya daima.

Usafi. Barakoa kwa maji na sabuni ya kawaida kila asubuhi, mpira mara moja kwa wiki. Filta, kwa vumbi letu jekundu la mwezi wa 8 na wa 9, iangalie kila wiki, usifuate kitabu kilichoandikwa kwa watu wa lami. Kitanki cha maji tia maji yaliyosafishwa kwa mvuke au angalau yaliyochemka yakapoa, umwage kila asubuhi. Wazo langu la kwanza kama shofere lilikuwa maji ya betri. Usifanye, zile chupa hujui zimejazwa nini na nyingine ni asidi.

Wanawake na watoto

Wamama wengi hawaambiwi. Kwao mara nyingi haiji na kukoroma kwa kelele, inakuja na kukosa usingizi, uchovu, huzuni, kichwa asubuhi, na inaongezeka baada ya hedhi kukoma. Wanapewa vitamini na kuambiwa ni mawazo ya nyumba. Mama mjamzito aliyeanza kukoroma sana na tansio inapanda, aseme kliniki haraka.

Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, shingo ameikunja nyuma, anatoka jasho, ameanza tena kukojoa kitandani, hakui, darasani hatulii: usimpige. Mara nyingi kwa watoto ni mafindofindo na nyama za nyuma ya pua, na kuzitoa kwa ORL kunawaponya wengi. Yeye hasinzii kama mtu mzima, anakuwa mtundu kupita kiasi, kwa hiyo mwalimu anamwona mkorofi.

Barabarani

Ukisinzia kwenye usukani, simamisha kazi mpaka utibiwe. Najua, nani atalipa nyumba, mimi nilikaa wiki tano bila kuendesha na nilikopa kwa shemeji. Lakini kwa kilomita 80 kwa saa, ukisinzia sekunde nne kamio imekimbia karibu mita 90 bila mtu, na wale watoto wa Kasumbalesa wanaouza maji wako pembeni pale pale. Kufungua dirisha, kuongeza muziki, kutafuna kola, hakuna kinachozuia. Kitu pekee ni kusimama mahali salama, kulala dakika 15 mpaka 20, ubavu. Kahawa inywe kabla ya hako kausingizi, inachukua kama nusu saa kuanza kazi.

Hatua ya mwisho, ya karatasi

Uzito ukibadilika sana juu au chini, rudi dokta aangalie nguvu ya mashine. Midomo ikiwa ya buluu, miguu ikivimba, au mtu anasinzia mpaka anachanganyikiwa, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Na hili watu hawalifikirii: ukienda kupasuliwa chochote, hata ngiri, mwambie yule anayelaza watu kwa dawa kabla hajakugusa, juu dawa zake zinalegeza koo lako kuliko lutuku yoyote, na nenda na mashine yako. Mimi nimeandika kwenye kipande cha karatasi, kiko ndani ya plastiki pamoja na permi ya kuendesha: SAOS, PPC, pression 11. Kama nimepata ajali na siwezi kuongea, watakaonipekua mfukoni watakikuta.